Kifuko cha Mafuta Kinapobebeshwa Dawa ya Maumivu

Anayeumwa goti jijini Nairobi huuziwa ibuprofeni au diklofenaki katika duka la dawa lililo karibu naye, na akizimeza miezi mfululizo bila daktari kujua, anaweza kupata vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Ndiyo maana wengi wanavutiwa na liposomu, vifuko vidogo vya mafuta ambavyo Alec Bangham na wenzake walivieleza nchini Uingereza katika miaka ya 1960, na ambavyo tayari hubeba amfoterisini, dawa ya kuua vimelea, kwa wagonjwa wa kala-azari.

Wanaotetea njia hii ya kubebesha dawa za maumivu ndani ya liposomu wana hoja nzito. Dawa hizi hupenda mafuta, kwa hiyo hujipenyeza zenyewe katika ukuta wa kifuko, uliojengwa kwa mafuta yaitwayo fosfolipidi, wenye unene wa nanomita nne au tano tu. Lakini hapo hapo ndipo penye shida. Doksorubisini, dawa ya saratani iliyoidhinishwa ndani ya liposomu nchini Marekani mwaka 1995, hufungiwa katika maji ya katikati ya kifuko. Ibuprofeni hukaa ukutani, na kwa kukaa huko huulegeza. Ukuta wa DPPC, aina moja ya fosfolipidi, ambao kwa kawaida hulegea kwenye nyuzi 41 za Selsiasi, hulegea mapema zaidi dawa ikiongezwa, na kifuko huanza kuvuja. Kolesteroli huukaza, ila hugombea nafasi ile ile na dawa. Tena, katika damu, albumini, protini ya damu, hukamata zaidi ya asilimia 98 ya dawa hizi, hivyo kifuko hunyang'anywa mzigo kabla hakijafika mbali.

Kwa sababu hiyo sioni faida kubwa ya kuzidunga mshipani namna hii. Kwenye ngozi ya goti mambo ni tofauti, kwani safari ni fupi na ulegevu ule ule unaweza kuisaidia dawa kupenya. Hata tumboni, aspirini iliyochanganywa na fosfolipidi za soya imeonyesha majeraha machache zaidi kuliko aspirini ya kawaida, ingawa haiondoi hatari yote, maana dawa ikishaingia mwilini bado huzuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazolinda tumbo, kama kazi ya mwanasayansi John Vane ya mwaka 1971 ilivyotufundisha.

Kwa hiyo mtengenezaji akituletea jeli ya liposomu, swali langu la kwanza litahusu rafu: baada ya miezi sita katika duka lisilo na friji, ni kiasi gani cha diklofenaki ambacho bado kimo ndani ya vifuko?