Ufa wa Bengals haukuwa pembeni: Chase, Sewell na hesabu ya kuchagua wachezaji

Februari 13, 2022, Super Bowl ya 56, fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Marekani. Cincinnati Bengals wako nyuma 23–20 dhidi ya Los Angeles Rams, imebaki chini ya dakika moja, jaribio la nne na la mwisho, yadi 1 tu ya kwenda. Mbele kabisa, beki wa Rams, Jalen Ramsey, anateleza na mpokeaji Ja'Marr Chase anabaki bila mtu. Joe Burrow, kwotabeki wake, yaani mrusha pasi, hapati hata muda wa kumwona. Aaron Donald wa Rams ameshampita Quinton Spain, mmoja wa walinzi wanaomkinga kwotabeki, amemkamata Burrow na kumzungusha, na mpira unatupwa kubahatisha, unadondoka chini. Mechi imekwisha.

Tukio hilo moja limekuwa ushahidi wa kambi mbili zinazopingana. Wa kwanza wanasema: mnaona, mpokeaji wa dunia hana faida kama anayerusha mpira yuko chali. Wa pili wanajibu: bila mpokeaji huyo mngefika fainali lini? Ubishi ulianza miezi tisa kabla, kwenye drafti ya 2021, na kila Aprili unafufuka kwa majina mengine.

Kwa asiyefuatilia mpira wa Marekani, drafti hii siyo ile ya vizibo vya soda kijiweni. Ni zamu ya timu 32 za NFL kuchukua wachezaji wanaotoka vyuoni, raundi 7, aliyefanya vibaya zaidi msimu uliopita akianza na bingwa akimalizia. Ni kama timu iliyoshika mkia Ligi Kuu Bara ipewe haki ya kumchukua chipukizi bora kuliko wote nchini, Simba na Yanga wakisubiri mwisho wa foleni. Kijana hachagui timu. Mkataba wake ni wa miaka 4, kiasi cha fedha kinafuata namba aliyochaguliwa, na akitoka raundi ya kwanza klabu ina haki ya kumwongezea mwaka wa 5. Juu ya yote hayo kuna kikomo cha mishahara ambacho hakuna tajiri anayeruhusiwa kukivuka kwa mfuko wake: dola milioni 182.5 kwa kila timu mwaka 2021. Ndiyo maana kijana mzuri mwenye mkataba wa drafti ni mali kuliko nyota aliyenunuliwa sokoni. Anacheza kama mkubwa na analipwa kama mdogo.

Bengals walimaliza 2020 wakiwa na ushindi 4, vipigo 11 na sare 1. Burrow, waliyemchukua namba 1 mwaka huo, alichanika kano za goti Novemba dhidi ya Washington. Kwenye drafti iliyofuata walikuwa na chaguo la 5, na majina manne ya mwanzo yalipokwisha kutajwa, mbele yao walikuwapo wote wawili: Chase wa chuo cha LSU, aliyecheza na Burrow kikosi kilichotwaa ubingwa wa vyuo msimu wa 2019 kwa kudaka pasi 84, yadi 1,780 na tachidauni 20 (kufunga kwa kufikisha mpira mwisho wa uwanja), na Penei Sewell wa Oregon, mlinzi wa pembeni aliyeshinda Outland, tuzo ya mtu bora wa mstari wa mbele vyuoni, mwaka huohuo. Wote wawili walikuwa hawajacheza 2020, kwa hiyo hata hoja ya “nani yuko moto sasa” haikuwapo.

Wengi walisema Sewell. Goti la kwotabeki limeharibika, ukuta wa wanaomkinga unavuja, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bengals wakamchukua Chase. Miami wakamchukua Jaylen Waddle namba 6, na Detroit Lions wakamdaka Sewell namba 7.

Hoja ya kumtaka Sewell ilikuwa na uzito. Mlinzi bora wa pembeni hapatikani sokoni kirahisi, maana timu iliyonaye haimwachii. Ukiwa na chaguo la 5 na yupo, hiyo ndiyo nafasi yako. Tena wapokeaji wanazaliwa kila mwaka kwa wingi na hupatikana hata chini. Lions wenyewe walithibitisha hilo katika drafti hiyohiyo: baada ya Sewell, walimsubiri Amon-Ra St. Brown mpaka raundi ya 4, chaguo la 112. Wote wawili waliingia kikosi bora cha kwanza cha ligi 2023 na tena 2024. Timu iliyoshinda mechi 3 mwaka 2021 ilishinda 15 mwaka 2024. Ukitaka kutetea falsafa ya kujenga kuanzia ukutani, huna haja ya mfano mwingine.

Upande wa Chase nao una tarakimu zake. Msimu wa kwanza: pasi 81, yadi 1,455, tachidauni 13, na tuzo ya mshambuliaji chipukizi bora. Hiyo ni baada ya kuangusha mipira kwenye mechi za maandalizi na kusema mpira wa NFL ni mkubwa kidogo na hauna ile mistari myeupe ya vyuoni. Watu walicheka, Septemba wakanyamaza. Timu ya ushindi 4 ikaenda fainali. Na hoja ya ndani zaidi ni hii: mpokeaji anayewashinda mabeki mapema humpunguzia kwotabeki muda wa kusubiri, na huwalazimisha wapinzani kuongeza mtu nyuma badala ya kumtuma mbele. Kwa hiyo naye, kwa njia yake, analinda.

Lakini analinda kwa kiasi. Burrow aliangushwa na mpira mkononi, kabla ya kurusha, mara 51 msimu huo wa kawaida, nyingi kuliko yeyote kwenye ligi. Tennessee walimwangusha mara 9 katika mechi moja ya mchujo, ambayo Bengals walishinda 19–16. Kwenye fainali, mara 7.

Hapa ndipo mjadala wote ulipotea njia. Watu walisema “ukuta” kana kwamba ni kitu kimoja. Ukuta ni watu watano: walinzi wa pembeni wawili, walinzi wa ndani wawili, na senta katikati anayeanzisha mpira. Kazi zao hazifanani. Wa pembeni hupambana na wakimbiaji wanaozunguka nje, na kwotabeki mwenye akili huwakwepa kwa kusogea hatua mbele. Wa ndani hupambana na mabonge ya kati, na wakivunjwa hakuna pa kusogea, kwa sababu hatari inakuja usoni.

Sasa angalia nani aliyemuumiza Burrow. Goti la 2020: Jonathan Allen, mkabaji wa kati, alimsukuma mlinzi wa ndani mpaka miguuni mwa kwotabeki. Tennessee: Jeffery Simmons, mkabaji wa kati, aliangusha mara 3 peke yake. Fainali: Donald, mkabaji wa kati, akipita kwa mlinzi wa ndani. Msimu uliofuata, nusu fainali waliyopoteza 23–20 kwa Kansas City: Chris Jones, mkabaji wa kati, mara 2. Pembeni, mwaka 2021, Bengals walikuwa na Jonah Williams, chaguo la 11 la mwaka 2019, na mkongwe Riley Reiff waliyemsajili kwa mwaka mmoja. Kweli Reiff aliumia Desemba na pengo la kulia likaonekana, na Sewell angelifunika. Ila ufa wenyewe ulikuwa ndani, na Sewell siyo mlinzi wa ndani.

Kwa hiyo kambi ya Sewell iliujua ugonjwa ikakosea kiungo. Kambi ya Chase ilipatia chaguo la 5, kisha ikajipongeza mapema mno. Kwa maoni yangu kosa la Bengals mwaka ule halikuwa namba 5. Lilikuwa namba 46.

Raundi ya 2 walikuwa na chaguo la 38. Wakabadilishana na New England: wakashuka mpaka 46 na kuongezewa chaguo la 122 na la 139. Kwa jedwali la zamani la thamani za zamu, lile la kocha Jimmy Johnson linaloanza na pointi 3,000 kwa chaguo la 1, namba 38 ni pointi 520 na namba 46 ni 440; ukijumlisha zile mbili za nyongeza unafika karibu palepale. Kwenye karatasi hawakupunjwa. Tatizo ni mtu waliyemchukua: Jackson Carman wa Clemson, aliyekuwa mlinzi wa pembeni chuoni, wakamhamishia ndani. Kubadilisha namba kwa kijana mgeni ni jambo linaloonekana dogo ubaoni na kubwa uwanjani: mguu wa kuanzia unabadilika, umbali na adui unapungua, muda wa kuinua mikono unakuwa nusu. Alianza mechi 6 tu msimu wa kwanza, na mwaka uliofuata namba ikachukuliwa na Cordell Volson wa raundi ya 4. Chaguo la 139 na la 190 nalo lilikwenda kwa watu wa ukuta, na hakuna aliyedumu. Watu watatu kwa pengo moja, na pengo likabaki wazi. (Aliyewafaa kuliko wote baada ya Chase alikuwa mpiga mateke, Evan McPherson, raundi ya 5. Ndiyo yake drafti.)

Hatua 17 baada ya Carman, chaguo la 63, Kansas City walimchukua Creed Humphrey, senta kwa kuzaliwa. Chaguo la 226, raundi ya 6, wakamchukua Trey Smith, mlinzi wa ndani. Hawa Chiefs walikuwa wametoka kuchapwa 31–9 na Tampa Bay kwenye fainali ambayo Patrick Mahomes alikimbia kama mwizi wa kuku. Hawakuwa na chaguo la juu la kulilia. Waliwaachia walinzi wao wote wawili wa pembeni, wakamnunua mlinzi wa ndani Joe Thuney kwa miaka 5 na dola milioni 80, wakabadilishana na Baltimore kumpata Orlando Brown, kisha hao vijana wawili. Miaka miwili baadaye walikutana fainali na Philadelphia, timu iliyoangusha makwotabeki mara 70 msimu ule. Mahomes hakuangushwa hata mara moja, na ubingwa ukaja 38–35.

Hilo linagusa kanuni inayorudiwa kila mwaka, “chukua kipaji bora kilichobaki, mahitaji yatajipa”. Ni kweli nusu. Chaguo la 5 halipaswi kuziba pengo la Septemba, kwa sababu mchezaji huyo utakuwa naye miaka 5 na mapengo ya leo si ya mwaka wa tatu. Lakini kadiri unavyoshuka, tofauti ya kipaji kati ya jina moja na jingine hupungua mpaka kuwa kubahatisha, na hapo mahitaji yana haki ya kuamua. Kinachotakiwa ni kuyataja kwa namba kamili: nani anamaliza mkataba ndani ya miaka miwili, nani amevuka miaka 30, ni upande gani wapinzani wanapenya. Kisha tazama darasa la mwaka husika. Kama namba unayoitaka ina vijana 8 wa daraja moja, subiri. Kama wako 2 na wa tatu yuko mbali nao, badilishana zamu usogee juu. Na umwogope mchezaji ambaye mpango wako kwake unaanza na “tutamhamisha namba”.

Bei ya soko nayo ina usemi. Chase aliongezewa mkataba Machi 2025: miaka 4, dola milioni 161. Tee Higgins, mpokeaji mwenzake, miaka 4, milioni 115. Burrow tangu 2023 ana miaka 5 na milioni 275. Kwa wastani wa mwaka hao watatu ni milioni 124, na kikomo cha 2025 kilikuwa 279.2. Sewell aliongezwa kwa miaka 4 na milioni 112, St. Brown milioni 120. Yaani hakuna aliyebaki rahisi. Tofauti ni kwamba Lions walipofika hapo walikuwa tayari na ukuta, Bengals walikuwa bado wanautafuta kwa fedha zilizokuwa zikipungua.

Msimu wa 2024 ulionyesha jinsi kipaji kinavyoweza kufanya kila kitu na bado kisitoshe. Chase aliongoza ligi kwa pasi 127, yadi 1,708 na tachidauni 17 kwa pamoja. Burrow akaongoza kwa yadi na tachidauni za kurusha, huku akiangushwa mara 48. Mechi 4 walifunga pointi 33 au zaidi na wakapoteza, kwa sababu safari hii ulinzi nao ulikuwa umeoza. Ushindi 9, vipigo 8, hakuna mchujo.

Na ukuta? Mwaka 2022 walinunua watu wa ndani, Alex Cappa na senta Ted Karras, nafuu ikaja kwa msimu mmoja mpaka Cappa alipoumia kifundo cha mguu kabla ya mchujo. Mwaka 2023 fedha zilirudi pembeni, kwa Orlando Brown yuleyule: miaka 4, milioni 64. Mwaka 2024, chaguo la 18, pembeni tena: Amarius Mims wa Georgia. Machi 2025 Cappa akaachwa. Mwezi uliofuata, raundi ya 3, chaguo la 81, likasomwa jina la Dylan Fairchild, naye wa Georgia, mlinzi wa ndani aliyekuwa mlinzi wa ndani tangu chuoni.