Dakika Tano za Dalali

Dalali alinyoosha mkono akaniambia, "Bosi, mpaka pale kwenye ule mti, yote yako. Mita 25 kwa 40." Mimi niliyezoea kupiga chafya jirani akanijibu "afya!" kutoka chumbani kwake, kichwa kikavimba. Mita za mraba 1,000! Nikajiona mwenye nchi.

Sikujua kwamba kiwanja kinakula.

Ondoa mita 200 za nyumba, zinabaki 800 za nyasi. Mashine yangu ya kukatia ina upana wa nusu mita. Piga hesabu mwenyewe: kilomita 1.6 za kusukuma, na hapo hujarudia vile visiki vya nyasi vinavyolala mashine ikipita na kusimama ikishapita. Msimu wa mvua nikifika kona ya mwisho, ile ya kwanza imeshaota ndevu.

Kiangazi ndiyo balaa. Mvua ya milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Nikitaka kuigiza mvua ya milimita 10, kitu ambacho wingu moja linamaliza bila kutoka jasho, nahitaji lita 8,000. Mpira wangu unatoa kama lita 15 kwa dakika. Muda wa karibu saa tisa nzima nimeshika mpira! Nikaamua acha zife. Zikafa nyasi, magugu yakanenepa.

Uzio wa mita 130 sitauzungumzia. Nimepaka rangi upande mmoja, ule unaoonekana na wageni.

Tuje kwenye huduma. Shule, zahanati, soko, kituo cha basi, vyote "dakika tano kwa miguu". Dakika tano mtu mzima anatembea mita 400 hivi, na kweli shule ipo hapo hapo, kengele yake naisikia nikiwa kitandani. Tatizo ni njia. Mtaa wetu barabara hazitokei. Kila moja inajipinda kwa madaha halafu inaishia kwenye geti la mtu. Kwenda shule, ambayo iko nyuma ya nyumba, inabidi kwanza uipe mgongo na uende zako mbali kama uliyesusa. Ni nusu saa. Zile dakika tano ni za kunguru. Nilimpigia dalali, akanijibu, "Bosi, labda unatembea taratibu."

Basi nalo linapita likijisikia. Siku moja nimelisubiri mpaka akili ikafunguka: kilomita moja ya mraba, ukiikata viwanja kama changu, haifikishi hata nyumba 1,000, maana barabara nazo zina sehemu yao. Nani ataleta basi kila dakika kumi kwa watu wa kuhesabika, na nusu yao wana magari? Kumbe tumelifukuza wenyewe, kila mmoja na nyasi zake.

Na eneo lenyewe nani analitumia? Jioni nimewapima kwa macho: mimi, mama watoto, watoto watatu na paka, wote tumebanana barazani kwenye mita sita za mraba, tunagombea upepo.

Jana dalali kapiga tena. Kiwanja cha jirani kinauzwa, anaona nikiunge na changu. Nikamuuliza kiko umbali gani.

"Kinapakana na chako, bosi. Dakika tano tu."