Kiinua Mgongo Kilivyozama Kigongo

Wenzangu wa Mwanza wakistaafu hununua kiwanja Buhongwa au Kisesa, wakapanda mihogo wakisubiri mji uwafuate. Mimi nikajiona mjanja kuliko wao. Mwaka 2021 nilipomaliza ualimu, nilikichukua kiinua mgongo changu kikiwa bado cha moto, nikaenda nacho Kigongo Feri, nikanunua gesti.

Enzi hizo ukitoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita, barabara inakukatikia ziwani pale Kigongo. Unasubiri pantoni likuvushe hadi Busisi, na siku mbaya unasota hata saa mbili. Sasa mtu aliyekwama saa mbili ana njaa, ana mkojo, ana hela. Atakula sato wa kukaanga, atanunua mayai ya kuchemsha ambayo hakuyapanga, na giza likimkuta atatafuta kitanda. Kitanda nimeweka mimi.

Na sikukurupuka, jamani. Nilikaa kutwa nzima chini ya mwembe na daftari, napiga vijiti: basi, fuso, noah, bodaboda. Kufika magharibi nimejaza kurasa nne. Mzee aliyekuwa akiuza, Msukuma mpole, hakunishawishi hata kwa neno. Aliniwekea kigoda, akaniletea chai, akasema, "Magari si unayaona mwenyewe, ng'wanawane." Nikayaona. Ila kigoda alikielekeza barabarani. Nyuma ya mgongo wangu, majini, zilikuwa zinachomoza nguzo za daraja.

Siwezi kusema sikujua. Ujenzi ulianza 2020, winchi zilikuwa zinaonekana hata na asiye na miwani. Lakini daraja la kilomita 3 hivi juu ya ziwa? "Litakuta wajukuu," nilimwambia Mama Neema. Yeye akauliza swali moja tu: kama wateja ni wengi hivyo, mzee anauza kwa nini? Nikamjibu amechoka, anataka kupumzika. Na kweli alikwenda kupumzika, kwa hela zangu.

Gesti yenyewe ilikuwa na vyumba sita, choo kimoja cha nje, na chumba namba nne kisichokuwa na mlango wake. Kukifikia unapitia namba tatu. Nililigundua hilo usiku wa kwanza, namba tatu kukiwa na maharusi na namba nne dereva wa fuso aliyekula maembe mengi. Mara tatu usiku ule nilisikia, "Hodi humo, samahanini, napita." Asubuhi bwana harusi alidai hela yake. Dereva naye akadai ya kwake, eti anapigwa macho mabaya akienda haja.

Hata hivyo biashara ilinoga, na walioinogesha zaidi ni mafundi wa daraja. Mama Neema aliwapikia ugali na sangara wa nazi, wakashiba, wakarudi kazini na nguvu mpya. Nilikuwa nawaongezea mchuzi kwa mkono wangu mwenyewe! Ilinichukua muda kutambua kwamba kila sahani ninayojaza, nguzo inapanda.

Mpwa wangu anayesoma uthamini Chuo Kikuu Ardhi alikuja likizo. Akazunguka jengo, akagonga ukuta, akapitia namba tatu kwenda namba nne, akatoka anacheka.

"Mjomba, nyumba hupitwa na wakati kwa njia nyingi. Bati likioza, unabadilisha. Vyumba vikipangwa vibaya, unavunja ukuta, mradi gharama ya kuvunja irudi kwenye kodi. Ila kuna ugonjwa unaotoka nje ya kiwanja. Huo hata upake dhahabu."

"Dawa yake?"

"Ni bei tu. Unajiuliza foleni hii imebakiza miaka mingapi, unalipia miaka hiyo na thamani ya kiwanja, basi." Akachungulia dirishani, winchi ilikuwa inazunguka taratibu. "Mjomba, wewe ulilipa kama foleni ya milele?"

Nikamwambia anywe chai inapoa.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia akalizindua Daraja la J.P. Magufuli. Nami nilikuwepo, nilipiga vigelegele kama wengine, maana hata mimi nina ndugu Sengerema. Kesho yake nikaamka alfajiri, nikapanga mayai ya kuchemsha kwenye sinia, nikasubiri. Mabasi yalikuwa yanapaa juu kule, dakika chache yako Busisi. Hadi saa nne mayai tumeyala wenyewe, mimi, Mama Neema na mlinzi.

Dalali ameshaitangaza: "Gesti yenye mandhari ya daraja." Juzi akaja kijana mmoja, shati limenyooka, na daftari mkononi. Nikamwekea kigoda, nikakielekeza darajani. Akahesabu, akahesabu, macho yakamtoka.

"Mzee, mbona hapa magari yanapita mengi hivi!"

"Si unayaona mwenyewe, mwanangu," nikasema, nikimmiminia chai.

Sauti ya Mama Neema ikatoka jikoni: "Mwulize na yanayosimama amehesabu mangapi!"

Kijana akageuka kunitazama. Kisha akafunga daftari, akamalizia chai yangu, akaaga kwa adabu.