HbA1c ni kipimo kizuri, lakini kisisomwe peke yake

Kliniki za kisukari zina ujanja wake. Siku chache kabla ya miadi mgonjwa anaacha soda, anapunguza ugali, na asubuhi hiyo kipimo cha kidole kinasoma sukari 6 (mmol/L). Daktari anaridhika, na jioni maisha yanarudi palepale.

HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha asilimia ya himoglobini iliyoshikwa na sukari, huuumbua ujanja huo. Sukari iliyomo kwenye damu hujishika kwenye himoglobini, protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, na kubaki hapo hadi seli nyekundu ife, baada ya siku 120 hivi, kwa hiyo majibu yanaeleza wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Wala si takwimu ya kupendeza tu. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, uliotangazwa 1993, ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza walioshushwa HbA1c hadi karibu asilimia 7 walipata madhara machache ya macho, figo na neva kuliko waliobaki karibu na 9.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inategemea seli kuishi umri wake wote, na kwetu hilo si la uhakika. Kwa mwenye selimundu, au aliyetoka kuugua malaria kali, seli hufa mapema na majibu hutoka chini kuliko hali halisi. Hata anayebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu, bila kuumwa chochote, anaweza kuguswa: utafiti wa 2017 kwa Wamarekani weusi ulikuta HbA1c ya wabebaji iko chini kwa takriban pointi 0.3 za asilimia kuliko ya wasiobeba, sukari ikiwa ileile. Kanda ya Ziwa wabebaji hao ni wengi. Upungufu wa madini ya chuma nao huvuta kinyume, majibu yakapanda bure.

Tena wastani huficha. Ambaye sukari yake hushuka hadi 3 usiku na kupanda 15 mchana anaweza kupata HbA1c ya asilimia 7 safi kabisa.

Je, tukiache? Hapana. Ila kwa anayejidunga insulini na mfuko wake ni mdogo, mimi ningetanguliza stripu za kupima sukari kidoleni kila siku, HbA1c ifuate mara mbili kwa mwaka. Na vipimo hivyo viwili visipokubaliana, ichunguzwe kwanza damu yenyewe, wingi wake na selimundu, kabla dozi haijaongezwa. Dozi iliyopandishwa kwa HbA1c ya uongo inaweza kumwangusha mtu kwa sukari kushuka, tena usiku, wenzake wakidhani amelala.