Senti Moja Tu, Walisema

Hapa St. Paul, Minnesota, bei ya kwenye rafu ni salamu tu. Habari kamili utaipata kwa keshia. Kwetu Kenya VAT ya asilimia 16 imeshajificha ndani ya bei, mtu anakamuliwa huku anatabasamu. Huku unakamuliwa macho kwa macho. Kitu kimeandikwa dola 10, noti yako ya dola 10 iko mkononi, umesimama kifua mbele kama mtu asiye na deni, halafu keshia anakwambia ongeza senti 99 za kodi ya mauzo. Foleni nyuma yako inaanza kukohoa. Unapapasa mfuko wa koti, unatoa kitambaa, unatoa ufunguo, senti hakuna.

Na hizo senti 99 zina wenyewe. Jimbo linachukua asilimia 6.875. Eneo zima la metro, yaani mji huu na majirani zake, linachukua moja, robo tatu yake ya usafiri na robo ya makazi. Kaunti inachukua nusu, ya usafiri pia. Mji unachukua moja na nusu. Jumla 9.875. Mimi ningependa kukutana na huyo aliyeketi akafikia 6.875. Huyo hajawahi kuuza mandazi na kurudisha chenji.

Zamani mji ulikuwa unaridhika na nusu ya asilimia. Mwaka 2023 Meya Melvin Carter na wenzake wakawaomba wapiga kura asilimia moja zaidi, kwa miaka 20: dola milioni 738 za barabara na milioni 246 za bustani na viwanja vya burudani. Nikiwa mkweli, wana sababu. Huu ni mji mkuu wa jimbo. Majengo ya serikali hayalipi kodi ya nyumba, vyuo havilipi, makanisa hayalipi. Kulikuwa na ada ya barabara ambayo hata makanisa yalitozwa, yakaenda kortini, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Minnesota ikasema hiyo si ada, ni kodi iliyovaa jina la ada. Watu wa Mungu wakatoka na ushindi, mashimo yakabaki na sisi wenye dhambi.

Basi wakati wa kampeni kijana mmoja mwenye adabu zake akanigongea mlango. Akanipa karatasi nzuri, ya rangi. "Ni senti moja tu kwa kila dola," akasema, "na nyingi zitalipwa na wageni wanaokuja mjini kutumia pesa."

Nikamwambia, kijana wangu, mgeni mwenyewe ndiye huyu unayeongea naye.

Akacheka. Akauliza kama ataihesabu kura yangu. Nikamweleza kwamba mimi nina green card: kodi nalipa zote, kura sina. Uso ukamshuka. Akanitakia jioni njema na, sisemi uongo, akaichukua karatasi yake mkononi mwangu akaenda nayo kwa jirani.

Wenye kura wakakubali Novemba ileile. Kodi ikaanza tarehe 1 Aprili 2024. Siku ya Wajinga! Kalenda nzima ilikuwa wazi mbele yao.

Sasa kununua vitu kumekuwa elimu. Kuku mbichi halipi kodi. Kuku yuleyule akichomwa akauzwa angali moto, analipa. Peremende zinatozwa, lakini kwa sheria ya hapa peremende yenye unga ndani si peremende, ni chakula. Kwa hiyo Snickers inalipa na Kit Kat inapita bure. Kifungua mimba wangu hajui jedwali la saba vizuri, lakini hilo la unga analijua, na anasimama katikati ya supamaketi ananisomea viungo kwa sauti kama wakili. Nguo nazo hazitozwi, koti la baridi likiwemo, na hapo nawapongeza, maana bila koti hapa Januari mlipa kodi anaganda. Mkoba ndio unatozwa. Mama watoto alininunulia koti, akanionyesha kodi ambayo hatukulipa, kisha akachukua ile tuliyookoa kuwa sababu ya kununua mkoba.

Nikajaribu kuwa mjanja, niagize vitu kwa intaneti. Kodi inafuata anwani ya nyumba. Ilifika kabla ya mzigo.

Nikampigia kaka yangu Nakuru nipate wa kunionea huruma. Kosa kubwa. Mwaka uleule wa 2023 kwao VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na rais wameshambatiza Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo wewe unalia juu ya asilimia moja?" Akanyamaza kidogo. "Na ile ya karo ulisema unatuma lini?"

Sitaki mnione mchoyo. Barabara ninazitaka. Barafu ikiyeyuka mwezi wa tatu, lami hapa inafunguka kama kinywa, na mimi na shimo moja, mtaa sitautaja, tulikutana usiku. Tairi ikapasuka. Nikataka kulalamika, nikaambiwa kwanza nijue shimo ni la nani: kuna barabara za mji, kuna za kaunti, kuna za jimbo. Pesa yangu ikitoka wote wanajua sehemu yao mpaka nukta ya tatu, ila shimo halina baba. Nikanunua tairi ya dola 140, kwa keshia ikawa 153 na senti 83, na ndani yake mna dola moja na senti 40 za ile "senti moja tu", nyingi zake za kutengeneza barabara iliyoila ile ya kwanza.

Jirani yangu, mzee wa Kimarekani, alipiga kura ya hapana na bado anajivunia. Juzi nimemkuta barazani na simu sikioni, anawafokea watu wa mji: yeye analipa hii senti, kwa nini mtaa wetu haumo kwenye orodha ya mwaka huu? Nikasogea pole pole uani kwake, nikanong'ona, "Mzee, maadamu umewapata, waulize na lile la hapo kwenye kona ni la nani."