Testosteroni haikwambii kama dume anazalisha

Hapa Ohio, jimbo la Marekani lenye alpaka (wale wanyama wa sufu wa Amerika Kusini) wengi kuliko unavyoweza kudhani, nimeshamsikia zaidi ya mnunuzi mmoja akimwambia muuzaji: nipe majibu ya damu ya dume huyu, nione testosteroni yake, yaani homoni ya kiume, ndipo tuzungumze bei. Muuzaji anatoa karatasi kwa fahari, namba iko juu, biashara inafungwa. Kwa maoni yangu, pesa ya kipimo imepotea bure. Homoni ile ina kazi yake, tena kubwa, lakini swali inalolijibu silo waliloliuliza.

Swali inalolijibu ni moja: ndani ya mnyama huyu kuna korodani inayofanya kazi, au hakuna? Kama atatoa mbegu hai na kumpa jike mimba, hilo liko nje ya uwezo wa kipimo hiki.

Nianze na pale kipimo kinapostahili sifa, yaani kwa maksai. Lama, nduguye alpaka aliye mkubwa zaidi, akihasiwa anatafutwa sana na wafugaji wa kondoo ili awalinde dhidi ya koyoti, mbwa mwitu wadogo wa huku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State waliwahi kuwahoji wafugaji 145 waliokuwa na lama walinzi, na hasara ya kondoo walioliwa ilikuwa imeshuka kwa wastani kutoka 21% kwa mwaka hadi 7%. Lakini mlinzi huyo awe amehasiwa kweli. Lama dume akikosa jike wa aina yake humwandama kondoo, humkalisha chini na kumlalia. Lama anaweza kufika kilo 150, na jamaa hawa hupandana wakiwa wamelala, kwa dakika ishirini au zaidi. Kondoo aliye chini hana maisha marefu.

Sasa sikia jinsi maksai bandia wanavyopatikana. Enzi za neema dume mmoja wa alpaka aliuzwa hapa Marekani kwa mamia ya maelfu ya dola. Bei zilipoporomoka, watu wakabaki na madume wengi wasio na kazi, wakawahasi na kuwagawa kwa bei ya kutupa, wengine bure kabisa. Maksai anapita mikono mitatu minne, karatasi zinapotea njiani. Jirani yangu alimchukua mmoja wa namna hiyo, akamweka pamoja na majike bila wasiwasi. Baada ya siku chache mnyama akaanza kuwafukuza, akikoroma ule mlio wa kooni ambao dume hutoa anapotaka kupanda. Ukipapasa chini, hakuna kitu.

Hapo kuna mambo mawili yanayofanana kwa macho. Huenda ni mazoea tu. Madaktari wengi wa mifugo hushauri lama na alpaka wasihasiwe mapema, bali wakiwa na miezi 18 hadi 24, kwa kuwa ukimwondolea homoni mapema mno mifupa ya miguu huendelea kurefuka na magoti huharibika. Kwa umri huo dume ameshajua ujike ni nini, na kisu hakifuti alichojifunza. La pili ni baya zaidi: korodani moja haikushuka, ikabaki tumboni, na aliyemhasi akaondoa ile iliyoonekana akaiita kazi imekwisha. Macho hayatakutofautishia haya mawili. Damu itakutofautishia, mradi ipimwe ipasavyo.

Na wengi hawaipimi ipasavyo. Ubongo hautumi amri kwenye korodani kwa mfululizo. Hutuma kwa mapigo, na testosteroni nayo hupanda na kushuka kwa mapigo hayohayo. Ukichota damu mara moja tu, unaweza kuangukia bonde katikati ya mapigo mawili na dume kamili akaonekana maksai. Maksai naye hana sifuri kamili, maana tezi zilizo juu ya figo humpa kiasi kidogo. Kwa hiyo namba iliyo katikati, ambayo ndiyo inayokuja pale unapoihitaji sana iwe wazi, ni kupiga ramli.

Dawa yake ni kuishtua korodani. Daktari anachota damu ya kwanza, anamchoma mnyama sindano ya homoni iitwayo hCG, anasubiri kwa saa ambazo maabara imeelekeza, kisha anachota damu ya pili. Homoni hii hufanya kazi kama ile amri ya ubongo. Kama kuna korodani, hata iliyojificha nyuma ya figo, itajibu na testosteroni itapanda. Kama hakuna, namba ya pili itakaa palepale. (hCG ni ileile inayogeuza rangi ya kipimo cha mimba cha dukani, na nyingi inayotumika kwa mifugo husafishwa kutoka mkojo wa wajawazito. Sijui kama wenye alpaka wanapenda kulifikiria hilo.)

Tena usome kipimo kimeandikwa kwa kizio gani. Maabara moja huandika pikogramu, nyingine nanogramu, nyingine nanomoli. Nanogramu moja ni pikogramu elfu moja, na nanogramu moja ya testosteroni kwa mililita ni karibu nanomoli 3.5 kwa lita. Nimeona mtu akilinganisha majibu yake na jedwali la nchi nyingine na kuhitimisha kwamba maksai wake ni fahali.

Tuje kwa dume wa mbegu, maana hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Testosteroni hutengenezwa na seli fulani za korodani, mbegu hutengenezwa kwenye vijifereji vingine kabisa, na hivi viwili huweza kuachana. Korodani iliyobaki tumboni ni mfano ulio wazi kuliko yote: joto la mwili limeshaua kazi ya mbegu, lakini seli za homoni zinaendelea kama kawaida. Dume ambaye korodani zake zote mbili hazikushuka atakuwa na testosteroni, atakoroma, atapigana na kupanda, na hatazaa. Karatasi yake ya maabara ni safi kabisa.

Joto la nje nalo lina mchango. Alpaka ni mnyama wa nyanda za juu za Peru na Bolivia, na akikutwa na kiangazi cha huku hajanyolewa sufu, mfuko wa korodani huvimba na mbegu huharibika, wala hazirudi kwa siku mbili. Ni suala la wiki nyingi. Hamu yake inaweza isipungue hata kidogo. Wapo pia waliozaliwa na korodani ndogo zisizokomaa, kasoro inayojulikana sana kwa alpaka. Korodani ya alpaka mkubwa ina urefu wa sentimita 4 hivi, kwa hiyo ni kitu cha kupimwa kwa mkono na rula, na daktari mzoefu atakuambia mengi kwa dakika tano za kupapasa kuliko chupa ya damu.

Mtu atasema, basi tupime shahawa. Ingekuwa rahisi nisingekuwa naandika. Shahawa za alpaka zinavutika kama mlenda, ni chache, na dume huziachia kidogokidogo kwa muda wote wa kupanda. Kuzikusanya ni kazi, kuzihesabu ni kazi nyingine. Ndiyo maana uhimilishaji, ambao kwa ng'ombe ni jambo la kila siku, kwa wanyama hawa bado unasuasua.

Kuna mtego mwingine ambao wafugaji huuingia wakiwa na uhakika wote. Desturi ni kumrudisha dume kwa jike siku kadhaa baada ya kupanda: jike akimtemea mate na kumpiga mateke, watu husema ameshika mimba. Lakini jike wa alpaka na lama haachii yai kwa mzunguko kama ng'ombe. Huliachia kwa sababu amepandwa. Ndani ya majimaji ya shahawa mna protini inayoingia damuni na kuuamsha ubongo wake, na mwaka 2012 watafiti wa Kanada na Chile walionyesha kwamba ni ileile protini ya kukuza neva inayojulikana kwenye tiba. Protini hiyo haihitaji mbegu. Dume aliyefungwa mirija anaiachia, na dume tasa vilevile. Yai linatoka, kovu lake linatoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba, na jike anamtemea dume mate kwa zaidi ya wiki moja ingawa tumboni hamna kitu. Kwa hiyo dume mwenye testosteroni nzuri, hamu nzuri na majike wanaotema mate anaweza kuwa hana mbegu hata moja. Kinachoumbua ni kipimo cha mawimbi ya sauti baada ya mwezi, na ujauzito wa miezi kumi na moja na nusu ni mrefu mno kungojea kujua kwa kuona.

Hata hamu yenyewe haiko kwenye namba ile. Kituo cha La Raya huko Peru, juu ya mita 4,000 kwenye mpaka wa Cusco na Puno, kiligundua miongo mingi iliyopita kwamba dume akikaa na majike walewale huwachoka upesi, na ukimtoa na kuingiza mwingine, kisha kuwabadilisha kwa zamu, mimba huongezeka. Kilichowafundisha hilo ni kukaa zizini na kuangalia.

Kuhusu vijana, sitasema mengi. Dume huzaliwa uume ukiwa umeshikana na ngozi yake, na testosteroni ndiyo inayoulegeza polepole. Kwa takwimu za Peru, akiwa na mwaka mmoja ni karibu 8 kati ya 100 waliofunguka, miaka miwili karibu 70, mitatu wote. Ukitaka kujua kijana wako amefika wapi, mwite daktari amwangalie. Na hao wachache wa mwaka mmoja watenge na dada zao mapema.

Wengine huomba kipimo kwa sababu dume amekuwa mkali, anawarukia watu. Mara nyingi huyo alilelewa kwa chupa peke yake, akakua akidhani binadamu ni mwenzake, na balehe ilipofika akataka kupigana naye. Testosteroni yake itakuwa ya kawaida. Kumhasi kunasaidia kidogo, wakati mwingine hakusaidii.

Wasomaji wa Marsabit na Garissa watajiuliza kama haya yanamhusu ngamia, kwa kuwa ni ukoo mmoja. Yanamhusu, na kwake kuna jambo la ziada: dume wa ngamia ana msimu. Akiwa kwenye joto lake, tezi za kisogoni zinatiririka na lile puto la kinywani linaning'inia nje, testosteroni iko juu sana. Nje ya msimu inashuka. Ukimpima mwezi usiofaa utamdharau dume mzuri.

Siku hizi inatajwa homoni nyingine, AMH, ambayo hutolewa na seli zinazolea mbegu ndani ya korodani. Kwa farasi imeshazoeleka: damu mara moja, bila sindano ya kushtua, na korodani iliyojificha inaumbuka. Naipenda, kwa kuwa mfugaji mwenye wanyama wanne hawezi kumlipa daktari kwa nusu siku ya kusubiri damu ya pili. Ila kabla sijaikubali kwa maksai wa alpaka, maabara inionyeshe viwango ilivyopata kwa alpaka wenyewe, waliohasiwa na wasiohasiwa, si vya farasi vilivyobadilishwa jina. Na gharama abebe muuzaji, kwa sababu yeye ndiye aliyesema ni maksai.