Masanduku ya Deion yalisahau watu watano

Wale wale waliokuwa wakivaa miwani nyeusi kama ya Deion Sanders, kocha wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Colorado, Septemba 2023, ndio baadaye waliosambaza vibonzo vya kumcheka kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Colorado. Buffs, yaani timu hiyo, walimaliza msimu wa 2023 kwa ushindi 4 na vipigo 8, mkiani kabisa mwa ligi yao ya Pac-12, na ghafla kila mtu alijua mapema. "Mimi nilisema, yule ni mdomo tu." Ulisema lini, kaka? Septemba ulikuwa unaniuliza tiketi za Folsom, uwanja wetu wa Boulder, zinapatikana wapi.

Hebu tukumbushane. Mwaka 2022 timu hii ilishinda mechi 1 kati ya 12. Moja! Kocha Karl Dorrell alitimuliwa baada ya kufungwa tano mfululizo, na ukienda uwanjani Boulder ulikuwa unakwenda kuota jua na kutazama milima. Akaja Deion kutoka Jackson State, chuo cha Weusi kule Mississippi, kwa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 29.5, ambazo mkurugenzi wa michezo, Rick George, alikiri hadharani kwamba chuo kilikuwa bado hakinazo. Aprili 2023, theluji inaanguka, watu wakaujaza uwanja kwa mechi ya mazoezi. Ya mazoezi! Kisha Septemba 2 wakaenda Fort Worth wakawapiga TCU 45-42, TCU hao hao waliocheza fainali ya taifa Januari 2023. Shedeur, mtoto wa kocha na kwotabeki (mrusha pasi) wa timu, akarusha pasi za yadi 510. Mimi na majirani zangu Wakongo, ambao hadi leo wananiuliza kwa nini mchezo huu unasimamasimama, tulipiga kelele mpaka watoto wakaamka.

Kwa hiyo kutoka 1 hadi 4 ni kupanda, hata kama ni kupanda kwa kuchechemea. Hilo limeisha.

Lililonikera mimi ni jambo ambalo wacheshi wa WhatsApp hawaligusi, maana halina kibonzo: safu ya mbele, yaani walinzi watano wanaomkinga kwotabeki asiangushwe. Siku ya kwanza alipokutana na wachezaji aliowakuta, Deion aliwaambia anakuja na mizigo yake, na mizigo yenyewe ni Louis Vuitton, yaani wachezaji wa daraja la juu. Haya, tumeiona ikifunguliwa. Alikuwamo Shedeur. Alikuwamo Shilo, mwanawe mwingine. Alikuwamo Travis Hunter, kijana aliyekuwa akishambulia na kuzuia katika mechi hiyo hiyo, karibu bila kupumzika. Wachezaji wapya zaidi ya 80! Na katika msafara wote huo hawakupatikana watu watano wazito wa kusimama mbele ya kwotabeki.

Sisi tuliokulia kwenye usajili wa Kariakoo tunaujua ugonjwa huu. Mshambuliaji anapokewa uwanja wa ndege kwa matarumbeta. Beki anatua usiku peke yake na kujitafutia teksi. Nani atanunua jezi ya mtu ambaye kazi yake ni kusukumana, akifanya vizuri hatajwi, akikosea anarudiwa kwenye luninga mara tatu? Kwa hiyo nafasi yake inaachwa mwisho, na hela nazo zinakuwa zimeisha.

Matokeo yake, Shedeur aliangushwa na mpira mkononi mara 52 katika mechi 11. Hamsini na mbili. Siku ya UCLA peke yake, mara 7. Mechi ya mwisho na Utah hakuvaa hata kofia ngumu. Kaumia mfupa wa mgongo. Mimi ni baba. Sielewi mwanamume anasimamaje pembeni akitazama mwanawe anaangushwa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, ilhali funguo zote za usajili ziko mfukoni mwake. Halafu watu wanasema ni upendeleo, eti kampa mwanawe namba. Upendeleo gani huo? Anayempendelea mwanawe humtafutia kwanza watu wa kumkinga.

Baada ya kipigo cha UCLA Deion alisema dawa ni kuleta walinzi wapya. Alisema waziwazi, waliopo wakisikia, na walikuwa bado na mechi nyingine kadhaa za kumtolea jasho. Kisha aliyenyang'anywa kazi ya kupanga mashambulizi akawa kocha msaidizi Sean Lewis, ikapewa msaidizi mwingine, Pat Shurmur, na baada ya hapo Buffs hawakushinda tena. Mwishoni mwa 2023 Lewis aliteuliwa kocha mkuu wa San Diego State. Kila la heri, na aanze na safu ya mbele.

Haya, mdomo nao ulichangia, nakubali. Oregon waliwapiga 42-6, na kocha wao Dan Lanning aliwaambia vijana wake kwamba wenzao wanapigania kubofywa mtandaoni, wao wanapigania ushindi. Iliuma kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Kwa Stanford sina utetezi: unaongoza 29-0 mapumziko, unalala 46-43! Nilizima simu hadi Jumapili. Na wale vijana walioambiwa waingie kwenye dirisha la uhamisho wapishe njia, hao simcheki hata mmoja. Walikuja kusoma.

Desemba 2023 Jordan Seaton, mlinzi wa mbele kutoka IMG Academy ya Florida, mmoja wa vijana wa sekondari waliokuwa wakisakwa zaidi nchini kwa nafasi yake, alitangaza kwamba anakuja Boulder. Kwenye kipindi cha televisheni, bila shaka. Kwa Deion hata beki lazima apigiwe tarumbeta. Safi kabisa, piga na ngoma. Dirisha la uhamisho lilikuwa wazi wiki hiyo hiyo. Wengine wanne walikuwamo humo, Kocha, na haikuwa lazima wawe watoto wa mtu maarufu.